Kamba Niliyompa Kalenga

Mwanangu Numbi,

Kesho usinitafute stesheni. Najua utatoa kichwa dirishani kama wasafiri wote, utaangaza huku na huku, utamwona mama yako na kitambaa chake cha njano, utamwona Kalenga kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, lakini mimi hutaniona. Siumwi, wala sina hasira nawe. Nimekatazwa kuja, na aliyenikataza ana haki. Ndiyo maana naandika sasa hivi, saa tisa mchana, wakati wewe uko kwa shangazi yako unakula chakula cha kuagana. Namjua shangazi yako, utarudi umelegeza mkanda.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala za kulala umeukumbatia mfuko wako ndani ya behewa, wala nani wa kumsalimia ukishuka Lubumbashi. Mama yako anakuambia hayo tangu Jumatatu, na aliyoyasahau atayapiga kelele kesho treni ikiwa imeanza kwenda. Mimi nina jambo moja tu. Ningeweza kulisema kwa kifupi, lakini ungejua nilichofanya usijue nilivyofika pale. Njia ya kufika pale ndiyo nataka uione, kwa sababu unakwenda kufanya kazi ile ile na utapita karibu nayo.

Limeanza jana, uliponionyesha ile barua. Kalenga alikutamkia neno kwa neno, nawe ukaandika, umpelekee yule fundi anayekuchukua kwenye kundi lake la kukata miti chini ya nyaya za umeme. Nikasoma: «Mimi Kalenga, niliyeanguka kwa kosa la mikono yangu mwenyewe, nakuletea kijana ambaye mikono yake haina kosa.» Ulikuwa unacheka kwamba anajishusha yeye na kukusifu wewe. Ulisema, «Papa Kalenga anajisema mubaya, minyi njo anasema muzuri.» Nikakurudishia karatasi, nikakuambia mwandiko wako umelala upande. Kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka mama yako akaja kuuliza kama tumbo linanisumbua.

Mikono ya Kalenga haikukosa, Numbi. Kosa lilikuwa langu, na nimelijua tangu siku ile ile aliyoanguka.

Mimi na Kalenga tulijifunza kazi hii pamoja, kabla hujazaliwa, kwa mzungu mmoja mrefu aliyeletwa kusafisha miti kando ya reli. Kabla yake tulikuwa tunapanda kwa miguu na panga, tukilikumbatia shina. Yeye alikuja na kamba moja ndefu. Alirusha uzi wenye kipande cha risasi mwishoni, ukapita juu ya tawi nene, akaivuta kamba kwa uzi ule, ncha moja akaifunga chini kwenye shina na nyingine ikabaki ikining'inia. Tukacheka sana. Kalenga aliniambia kwa Kiluba kwamba huyu ametoroka hospitali. Yule mzungu akatoa kamba ndogo, nene kama kidole changu cha mwisho, akaizungusha mara tano kwenye kamba kubwa, akaiunganisha na mshipi wake wa kukalia, akapanda mpaka juu na sigara mdomoni. Tukaacha kucheka.

Fundo hilo unalijua kuliko ninavyolijua mimi sasa. Hata hivyo nalieleza, kwa maana kila kilichotokea kimo ndani yake. Likiwa halina uzito, unalisukuma kwa mkono nalo linapanda. Ukilikalia, linauma kamba na halisogei. Sisi tuliliita kupe. Unakuwa na kupe wa kiunoni na kupe wa miguu: unasimama kwenye kitanzi cha miguu, unamsukuma wa kiunoni juu, unakaa, unavuta miguu, unasimama tena, hivyo hivyo mpaka kwenye matawi. Wakati wa kushuka unamwondoa wa miguu, unabaki na mmoja. Unamsukuma kidogo kwa kiganja anateleza, unamwachia anauma. Maisha yako yote yako kwa huyo mmoja.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi zetu. Kamba kubwa ilikuwa ya wote wawili. Kamba ndogo, ile ya kupe wa kiunoni, ilikuwa ya mtu mwenyewe, kama mswaki. Haikufunga mbuzi, haikuanika nguo, haikuazimwa. Kalenga alikuwa mkali kwa hilo. Yeye, aliyekuwa akichana nywele kabla ya kupanda mti, kana kwamba ndege wanamngojea kwa picha, aliweka kamba yake ndogo ndani ya soksi safi na soksi ndani ya kopo. Nilimtania sana kwa hilo kopo.

Na kabla mtu hajapanda, anayebaki chini anakuja karibu, anaigusa ile mizunguko kwa kidole, mmoja mmoja, anaihesabu kwa sauti. Kisha anauliza: «Inauma?» Anayepanda anakaa kwa uzito wake wote, anajirusharusha, anajibu: «Inauma.» Bila jibu hilo hakuna mguu unaotoka ardhini. Tuliishi hivyo karibu miaka ishirini na hakuna aliyeteguka hata kidole.

Kisha vita vikatukuta mara ya kwanza, ule mwaka Zaire ilipogeuka kuwa Congo tena. Unakumbuka. Treni zilisimama, na kazi ya miti ikasimama nazo. Askari waliokuwa wanakimbia walichukua walichoweza kubeba, na waliokuwa wanaingia wakachukua kilichobaki. Ulikuwa na miaka kumi na saba na mama yako alikusukuma chini ya kitanda kila alipolisikia lori. Tulikula mihogo asubuhi na majani yake, sombe, jioni, tukawa tunaangaliana. Nikaamua nitakuwa mtu wa baiskeli. Nikaenda mpaka upande wa Kabongo, nikarudi nikiisukuma na madumu manne ya mawese.

Kila mtu hufunga madumu kwa mipira ya ndani ya tairi. Yangu ilikuwa imechoka. Siku ya pili ya kurudi ikakatika kwenye mchanga, dumu moja likaanguka na mdomo wake ukapasuka, na mimi niko peke yangu porini, kila ngurumo ya gari inanitia majanini. Mfukoni nilikuwa na kamba yangu ndogo. Sikuibeba kwa kazi yoyote, niliibeba kwa sababu niliogopa wezi wataikuta nyumbani. Nikaitoa, nikafungia madumu. Mafuta yalichuruzika juu yake siku tatu, mpaka nikaona mabati ya kwetu Kamina.

Nyumbani niliiosha kwa sabuni mara tatu, nikaianika juu ya bati. Ilitoka nyeupe na mistari yake ya bluu, kama mpya. Kalenga akapita kutusalimia, akaiona.

«Banza, hii kamba ulifanya nayo nini?»

«Nilifua tu. Ilikuwa na vumbi.»

«Haukufungia bidon?»

«Minyi? Nilifungia na mipira, kama bantu bote.»

Aliishika, akainusa, akairudisha. «Sawa. Ungefungia bidon, ningeikata na panga hapa hapa.»

Kama ningepewa siku moja ya kurudia, Numbi, wala nisingechagua ile siku ya kuanguka. Ningechagua ile ya bati. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa ameumia. Angeikata, angenitukana kwa Kiluba na kwa Kifaransa, angenuna siku mbili, na Jumapili tungekuwa tumekaa pamoja tena. Niliogopa kutukanwa na rafiki yangu. Nataka ujue ukubwa wa kitu nilichokuwa nakikimbia, maana kilikuwa kidogo sana.

Mwezi wa sita tukapata kazi kwa Mzee Shabani, yule mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Maniema. Mkaratusi mkubwa ulikuwa umeegemea paa la ghala lake. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza tangu vita. Bega langu lilikuwa bado linauma kwa ajili ya baiskeli, kwa hiyo kupanda kukawa kwa Kalenga. Lakini Kalenga alikuwa amenyang'anywa mfuko wake kwenye kizuizi cha askari. Walichukua vyuma vyote, hata kile chuma cha umbo la nane kinachopunguza mwendo wa kushuka, na walichukua kopo na soksi na kamba. Alisema askari mmoja aliifungia mbuzi mbele ya macho yake, na nadhani hilo lilimuuma kuliko vyuma.

«Nipatie yako,» akasema. «Tutavunja sheria leo, Mungu ataangalia pembeni.»

Ningeweza kusema maneno manne: ilifunga madumu ya mafuta. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo pale kwenye bati, na kusema kweli sasa kungekuwa kukiri makosa mawili. Na watoto wa nyumba zote mbili walikuwa wanaingojea ile kazi. Nikajiambia, hata hivyo tutaijaribu, ikiwa mbaya itaonekana. Nikampa.

Ilikuwa asubuhi mapema, na baridi ile unayoijua, inayogandisha mawese kwenye chupa mpaka uyachokoe kwa kijiko. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba mawese huganda na baridi na kuyeyuka na jua. Mimi nilijua pia. Sikuliunganisha na mafuta yaliyobaki ndani ya nyuzi za kamba, au labda sikutaka kuliunganisha. Mpaka leo siwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Kalenga akazungusha. Nikagusa kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. «Inauma?» Akakaa, akajirusha. «Inauma.» Na ilikuwa kweli, kwa saa ile ilikuwa inauma.

Alikata matawi ya upande mmoja, akashuka, tukanywa chai. Jua lilikuwa limeshapanda. Tukahamisha kamba kwenye tawi lingine, akafunga fundo upya, kwa haraka, maana Mzee Shabani alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa. Nikahesabu tena. Tano. «Inauma?» Akakaa, na kabla ya kuuma kupe akateleza, upana wa kidole tu. Kalenga alikuwa anatazama juu, anatafuta tawi la kuanzia. Hakuona. Mimi niliona. «Inauma,» akasema, na nikanyamaza.

Hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo asubuhi.

Saa sita alikuwa anashuka. Alimsukuma kupe kwa kiganja ateleze, kama kawaida, kisha akamwachia aume. Hakuuma. Nilisikia sauti ya kamba tu, ndefu, na Kalenga hakupiga kelele. Alinieleza baadaye hospitalini kwamba hakupiga kelele kwa sababu alikuwa anangoja iume. Aliangukia magogo aliyoyakata mwenyewe asubuhi, na tangu dakika ile miguu yake haikumtii tena.

Nilipomwinamia alikuwa na akili zake zote. Akaniuliza, «Banza, nilizungusha nne?»

Tano ilikuwa kwenye ulimi wangu. Mzee Shabani alikuwa nyuma yangu, na wabeba mizigo wake, na watu wa barabarani. Nikasema, «Labda.»

Neno hilo lilitosha. Jioni soko zima lilikuwa linajua kwamba Kalenga, fundi Kalenga, alikosa fundo lake. Watu walinilaumu kidogo na mimi, kwamba sikuhesabu vizuri, kwamba jua lilinipiga machoni. Nililipokea lawama hilo haraka haraka, nikainamisha kichwa. Nilikuwa natoa mbuzi nifiche ng'ombe. Usiku wakati wote wamelala niliitia kamba ile ndani ya mbabula, juu ya makaa. Ilitoa sauti ya kukaangwa, na nyumba ikanukia jikoni. Mama yako aliuliza toka chumbani, «Unakaanga nini saa hii?» Nikamwambia hakuna kitu.

Miaka miwili imepita. Ulikuwa unaniona nikimchotea maji, nikimtengenezea njia ya kupitisha magurudumu mlangoni, nikizunguka mji mzima kutafuta mtu wa kuchomelea ile baiskeli yake. Watu wanasema huko kanisani kwamba rafiki kama Banza haonekani siku hizi. Sifa hizo nilizila. Nilidhani nikifanya mengi ya kutosha, siku moja lile moja halitaonekana tena. Lakini kila nilipoingia kwake alikuwa anamwambia mtu fulani, mgeni au jirani au mtoto, «Minyi nilikuwa na haraka, nikazungusha nne.» Alikuwa anaeleza bila kulia, kama mtu anayesoma jina lake. Na mke wake, Mama Yumba, kila Kalenga alipoangusha kikombe, alikuwa anasema, «Mikono yako ni ile ile.» Alisema kwa utani. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Sasa ujue kwa nini nilikupigia kelele siku ile kwenye baraza, nilipokukuta umefunga kamba kwenye nguzo unajifunza. Nilikunyang'anya mbele ya rafiki zako, nikakuita mpumbavu. Ulifikiri naogopa utaanguka. Niliogopa hivyo pia, mimi ni baba yako. Lakini zaidi niliogopa kwamba utakuwa fundi mzuri, na fundi mzuri ataanza kuuliza. Na uliuliza. Ulikuwa umetoka kwa Kalenga, yeye anakufundisha kutoka kwenye kiti chake, fundo limefungwa kwenye usukani wa baiskeli. Ukaniambia, «Tata, minyi nilijaribu na nne. Hata na nne inauma kiloko. Sasa ile siku mbona haikuuma hata kiloko?» Nikakutuma maji. Ndoo zilikuwa zimejaa na nilikutuma maji, nawe ukaenda.

Nisamehe kwa zile ndoo. Ni kitu kidogo ukikiweka kando ya miguu ya mtu, lakini kinaniuma kwa namna yake. Ulikuwa umeuona ukweli kwa mikono yako mwenyewe, kwamba hata nne huuma kidogo, nami nikakufanya uone haya kuuliza.

Leo asubuhi ulipokwenda kutafuta tiketi nilikwenda kwake. Alikuwa uani anashona kiatu. Nilianza nikiwa nimesimama, kisha nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimweleza habari ya madumu, bati, maneno yangu ya uongo, baridi, jua, kule kuteleza kwa upana wa kidole. Alishona mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza kitu kimoja.

«Zilikuwa ngapi?»

«Tano.»

«Uliziona?»

«Nilizigusa na kidole. Mara zote mbili.»

«Sema tena.»

«Tano, Kalenga.»

Akaweka kiatu chini, akaita, «Mama Yumba! Kuya hapa! Kuya na batoto!» Wakaja, mama ana unga mikononi, wasichana wawili nyuma yake. «Banza, sema mbele yabo. Nilizungusha ngapi?» Nikasema. Mama Yumba hakuelewa mara moja. Alipoelewa alifunika uso wake kwa kitenge, akarudi ndani, na nikasikia kwamba analia, na nikajua ni kwa ajili ya vile vikombe.

Kalenga hakulia. Alinyoosha mikono yake mbele yake, akaitazama viganjani, akaigeuza, akaitazama kwa nyuma, muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa ile nyundo yake ya viatu. Aliponitazama alikuwa mtulivu.

«Mafuta, Banza, ningekusamehea pale pale chini ya muti. Ilikuwa vita, kulikuwa njaa, kila muntu alifanya yake. Lakini ile labda yako...» Akachukua kiatu, akakiweka tena. «Kesho mutoto anaenda. Minyi njo nitamusindikiza kwa gare. Weye ubakie kwako. Sitaki kukuona kule.»

«Sawa,» nikasema.

«Na hapa kwangu, nitakuita. Ao sitakuita. Sijue bado.»

Nikasema sawa tena, nikaondoka. Nilikuwa na hamu ya kukusindikiza, Numbi, sitaficha. Wiki nzima nimekuwa naiona kichwani ile stesheni, mimi nimebeba mfuko wako wa kamba, watu wakiuliza huyu anakwenda wapi. Alichoninyima ndicho nilichokitaka kuliko vyote. Nadhani alijua.

Kesho usisahau ile barua yako, na kalamu. Kalenga aliniambia nikiwa natoka kwamba anataka ufute mstari mmoja mbele yake.

Ndani ya mfuko wa kamba utakuta kamba ndogo mpya, nyeupe na nyekundu. Haijafunga kitu chochote. Najua neno langu juu ya kamba halina nguvu kwako leo, na ni haki, kwa hiyo usiniamini. Ijaribu asubuhi kukiwa na baridi, na uijaribu tena jua likipanda. Kila siku, mara mbili, hata wenzako wakikucheka. Na iko siku utafunga dumu lako kwa kamba yako, kwa namna yoyote itakavyokuja, kwa njaa au kwa haraka au kwa kuogopa wakubwa. Siwezi kukuzuia, nilikuwa mtu mwangalifu na nililifunga langu. Siku hiyo mwambie mtu kabla jua halijazama. Atakutukana. Kaa utukanwe, kisha nenda ukale.

Sijui utaniona vipi ukimaliza kurasa hizi. Nitakupa mkononi jioni ukirudi, kisha nitakwenda kukaa nje, ili usome bila uso wangu. Ukitaka kuzungumza, niko barazani. Usipotaka, pita ulale, sitakugongea. Nakupenda, mwanangu. Ningependa kukuambia hivyo nikiwa mtu uliyekuwa unamfikiria jana.

Kuna jambo moja la mwisho na nitakuacha. Treni ikianza kwenda, watu watakuwa wengi na Kalenga yuko chini kwenye kile kiti chake, hataona uso wako vizuri. Kwa hiyo toa mkono nje ya dirisha, uinue juu kabisa, ufungue vidole vyote vitano, na usiushushe mpaka umpite.

Baba yako,
Banza